Mgongano Hautambui Cheo

Kila ajali ya barabarani inapotokea katika mji wetu wa Kigali, watu wakusanyikao huuliza maswali mawili. La kwanza huulizwa kwa sauti kubwa: ni nani mwenye makosa? La pili huulizwa kwa kunong'ona: mbona huyu amefariki, na yule waliyekuwa pamoja katika chombo kile kile amesimama pale akijipangusa vumbi? Swali la kwanza ni la sheria, na askari wa usalama barabarani amefundishwa kulijibu. Swali la pili ni la elimu ya fizikia, na wengi wetu tuliiacha elimu hiyo darasani siku tulipovua sare za shule na kuvaa hizi za kazi.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo mawili hujibiwa kwa kanuni moja. Elimu ya migongano si mali ya maprofesa peke yao. Ni chombo cha kazi kwa polisi apimaye alama za matairi, kwa dereva wa lori la jeshi ateremkaye kilima akiwa amepakia askari thelathini, na hata kwa yule aliyeketi nyuma ya pikipiki ya abiria akirudi nyumbani kwa likizo.

UZITO UKIZIDISHWA KWA KASI

Kila kitu kiendacho kimebeba wingi fulani wa mwendo ambao wanafizikia huuita momenta. Momenta hupatikana kwa kuzidisha tungamo la kitu, ambalo hupimwa kwa kilogramu, na kasi yake, ambayo hupimwa kwa mita katika kila sekunde. Mwelekeo nao huhesabiwa: magari mawili yakielekeana, momenta ya moja hupunguzwa katika momenta ya jingine.

Tuchukue mfano wa pikipiki. Pikipiki yenyewe, mwendeshaji na abiria wake kwa pamoja waweza kufikia kilogramu 260. Ikienda kilometa 40 kwa saa, yaani mita 11 na kitu kwa sekunde, momenta yake ni kilogramu-mita 2,900 hivi kwa sekunde. Sasa lichukue lori la tani 10 liendalo kwa kasi ile ile. Momenta yake ni 111,000, karibu mara arobaini ya ile ya pikipiki. Ili lori hilo liwe na momenta sawa na ya pikipiki, ingelibidi litambae kwa kilometa moja tu kwa saa, mwendo ambao mtoto ajifunzaye kutembea angeupita.

Kanuni kuu ni hii: katika mgongano, momenta haipotei. Atakayoipoteza mmoja ataipokea mwingine, kwa kiasi kile kile. Katika miaka ya 1668 na 1669 wataalamu watatu, John Wallis na Christopher Wren wa Uingereza pamoja na Christiaan Huygens wa Uholanzi, waliwasilisha kanuni za migongano mbele ya chama cha wanasayansi cha London. Mwaka 1687 Isaac Newton alizijengea msingi kanuni hizo katika kitabu chake kikuu, akaeleza kwamba kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo na iliyo kinyume chake.

BEGA LA ASKARI LINAIJUA KANUNI HII

Askari hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Risasi ya bunduki ya AK-47 ina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka mtutuni kwa kasi ipatayo mita 715 kwa sekunde. Momenta yake ni kama kilogramu-mita 5.7 kwa sekunde. Kabla ya kufyatua, bunduki na risasi vilikuwa vimetulia, na jumla ya momenta ilikuwa sifuri. Baada ya kufyatua, jumla hiyo haina budi kubaki sifuri. Kwa hiyo bunduki nayo hupokea momenta ile ile, ikielekea nyuma. Bunduki ya kilo 4 ingerudi kwa kasi ya mita 1.4 kwa sekunde kwa ajili ya risasi peke yake, na moshi wa baruti utokao kwa nguvu huiongezea mwendo huo.

Kuruta aliyeiacha nafasi kati ya kitako na bega hupigwa na kilo 4 zilizokwisha kushika kasi. Yule aliyekibana kitako barabara ameuunganisha mwili wake na bunduki, na momenta ile ile sasa inausukuma mwili mzima wa kilo 70 na zaidi, polepole. Risasi ni ile ile na momenta ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuipokea. Jambo hili tulikumbuke, kwa kuwa tutakutana nalo tena barabarani.

LORI NA PIKIPIKI

Turudi sasa kwa lori letu la tani 10 na pikipiki yetu ya kilo 260. Tuseme vimegongana uso kwa uso, kila kimoja kikienda kilometa 40 kwa saa, na baada ya kugongana vimekwenda pamoja. Hesabu ni nyepesi. Ukiitoa momenta ya pikipiki katika ile ya lori, kisha ukagawanya kwa uzito wa vyote viwili, utapata kwamba vitaendelea mbele, upande lilikokuwa likielekea lori, kwa kilometa 38 kwa saa.

Maana yake ni nini? Lori limepunguziwa kilometa 2 tu kwa saa, na dereva wake huenda asihisi zaidi ya mtikisiko. Pikipiki iliyokuwa ikienda 40 upande huu imejikuta, katika kufumba na kufumbua, ikienda 38 upande wa pili. Mabadiliko yake ni kilometa 78 kwa saa. Kani iliyolipiga lori na kani iliyoipiga pikipiki ni sawasawa kabisa, lakini aliye mwepesi ndiye abadilishwaye mwendo, na mwili wa binadamu huumizwa na mabadiliko hayo.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwanza la lile swali la kunong'ona. Na hapo pia imo onyo kwa vijana wetu wa baiskeli washikao migongo ya malori yapandapo vilima. Wanajiazimia kasi ya lori pasipo kuwa na uzito wake, na lori likifunga breki ghafula, wao hawana breki ya kulingana nalo.

MUDA NDIO NGAO

Ikiwa momenta haipotei, je, binadamu hana la kufanya? Analo, nalo ni kuurefusha muda. Ili kukisimamisha kitu kiendacho yahitajika kani ikizidishwa kwa muda. Wanafizikia huyaita mazao hayo msukumo. Msukumo unaotakiwa hauna punguzo, lakini waweza kulipwa kwa kani kubwa katika muda mfupi, au kwa kani ndogo katika muda mrefu. Askari wa miavuli afundishwaye kukunja magoti na kubingirika atuapo chini anafundishwa kulipa deni hilo kidogo kidogo.

Kofia ngumu ya mwendesha pikipiki hufanya kazi hiyo hiyo. Tufanye hesabu ya kukadiria. Kichwa cha kilo 5 kikianguka kutoka kimo cha mita moja na nusu hufika chini kwa kasi ya mita 5.4 kwa sekunde. Kikiwa kitupu, tuseme kinasimama ndani ya milimita 5, na kani itakayokipiga itakuwa sawa na uzito wa tani moja na nusu. Kikiwa ndani ya kofia ambayo sponji yake ngumu inabonyea milimita 25, kani inashuka hadi uzito wa kilo 300, yaani sehemu moja ya tano. Lami haikulainika, wala kichwa hakikupungua uzito. Kilichoongezeka ni muda, nao ni chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde.

Yafaa askari wajue kwamba kofia hiyo ina historia ya kijeshi. Mwezi Mei 1935 T. E. Lawrence, ofisa wa Kiingereza aliyepata sifa katika vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake bila ya kofia ngumu, akafariki baada ya siku sita. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns alianza kuchunguza vifo vya matarishi wa jeshi waliopeleka barua kwa pikipiki, akaandika matokeo yake mwaka 1941 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi Novemba mwaka huo huo jeshi la Uingereza liliwaamuru matarishi wote wavae kofia ngumu wawapo kazini. Raia wa nchi hiyo walisubiri hadi mwaka 1973 ndipo sheria kama hiyo ikawafikia. Uchunguzi wa baadaye, uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Mkanda wa gari nao una mwanajeshi wake. Tarehe 10 Desemba 1954, huko New Mexico, Marekani, ofisa na daktari wa jeshi la anga John Paul Stapp alijifunga mwenyewe katika kigari cha roketi, akakimbizwa hadi kasi ya kilometa 1,017 kwa saa, kisha akasimamishwa katika sekunde 1.4. Macho yake yalivilia damu, lakini alipona. Wakati huo ndege zilikuwa zikiwaua marubani, na kazi yake ilikuwa kutafuta jinsi ya kuwaokoa. Alipochunguza hesabu za vifo aligundua kwamba jeshi lake lilikuwa likipoteza watu wengi zaidi katika magari barabarani kuliko katika ndege angani. Tangu hapo alihimiza mikanda ya magari kwa bidii ile ile. Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa kiwanda cha Volvo nchini Sweden aliunda mkanda wa kushika mahali patatu, bega na nyonga, na kiwanda hicho kikawaruhusu washindani wake wautumie bila malipo.

Asiyefunga mkanda hasimami pamoja na gari. Gari husimama, naye huendelea kwa kasi ile ile mpaka akutane na kioo, usukani au mgongo wa mwenzake. Askari aliyesimama wima nyuma ya lori liendalo kilometa 60 kwa saa, likisimamishwa ghafula na ukuta, huruka kwa kasi ambayo angeifikia kama angeanguka kutoka kimo cha mita 14, yaani jengo la ghorofa nne. Sanduku la kilo 20 lisilofungwa kamba, kwa kasi hiyo, likizuiwa katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, humpiga aliye mbele yake kwa kani ya uzito wa kilo 340.

LAMI HUTOA USHAHIDI

Tumesema kwamba kanuni hii hujibu pia swali la kwanza, lile la nani mwenye makosa. Mwaka 1742 mhandisi wa mambo ya kijeshi wa Uingereza, Benjamin Robins, alichapisha kitabu kuhusu elimu ya mizinga. Wakati huo hakukuwa na saa iwezayo kupima kasi ya risasi. Robins alining'iniza gogo, akalipiga risasi ikaingia na kubaki ndani, kisha akapima jinsi gogo lilivyobembea. Ukifyatua risasi ya gramu 8 iendayo mita 700 kwa sekunde katika gogo la kilo 8, vyote viwili vitaondoka kwa mita 0.7 kwa sekunde, na gogo litapanda sentimeta mbili na nusu hivi. Kwa kuzipima sentimeta hizo na kuhesabu kwa kurudi nyuma, Robins alijua kasi ambayo jicho lisingeweza kuiona.

Mchunguzi wa ajali hufanya kazi ile ile. Tuseme gari la kilo 1,500 limeligonga kwa nyuma gari la kilo 1,000 lililokuwa limesimama mahali tambarare. Magari yameng'ang'aniana, matairi yote yamefungwa, na yameserereka mita 8 juu ya lami kavu. Dereva aapa kwamba alikuwa akienda kilometa 40 kwa saa. Lami kavu hushika matairi kwa kiasi cha kama sehemu saba za kumi za uzito wa gari, na kutokana na kipimo hicho mita 8 zatuambia kwamba baada ya kugongana magari yaliondoka kwa mita 10.5 kwa sekunde. Ukizidisha kwa kilo 2,500, kisha ukagawanya kwa kilo 1,500 za gari lililogonga, unapata mita 17.5 kwa sekunde, yaani kilometa 63 kwa saa. Lau angelikuwa akienda 40 kama anavyodai, alama zisingezidi mita tatu na robo.

Kwa ajili hiyo utepe wa kupimia si kifaa cha kupuuzwa. Kila gari lisogezwalo kabla ya kupimwa, na kila alama ikanyagwayo na watazamaji, ni shahidi aliyezibwa mdomo. Majeruhi wahudumiwe kwanza, kwa kuwa uhai hautanguliwi na jambo lolote; lakini mara watolewapo, alama za matairi, mahali vyombo vilipoishia na mahali vioo vilipomwagika ziandikwe na kuchorwa pasipo kuchelewa.

NCHI YA VILIMA

Rwanda ina sababu za pekee za kuijua elimu hii. Mji wa Kigali umejengwa juu ya vilima. Katika mteremko wa mita 8 kwa kila mita 100, lori la tani 10 lililotiwa gia huru ili kuokoa mafuta, lisipozuiwa, huongeza karibu kilometa 28 kwa saa katika kila sekunde kumi. Breki zinazoshikiliwa muda mrefu hupata moto na kupoteza nguvu. Ndiyo sababu dereva mwenye busara huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, akaiacha injini imzuie.

Umbali wa kusimama nao una hila yake. Kasi ikiongezeka maradufu, momenta huongezeka maradufu, lakini umbali wa kuserereka huongezeka mara nne. Kwenye lami kavu na tambarare, gari liendalo kilometa 40 kwa saa husimama katika mita 9 tangu breki zishike. La 60 huhitaji mita 20. La 80 huhitaji mita 36. Mvua ya masika ikinyesha, zile mita 20 zaweza kuwa 35. Na bado hatujahesabu sekunde ile moja ambayo dereva huona hatari kabla ya mguu wake kufika kwenye breki. Kwa kilometa 60, sekunde hiyo hula mita nyingine 17.

Mwaka 2015 ilitolewa amri nchini kwamba magari ya abiria na ya mizigo yafungwe vidhibiti mwendo, yasizidi kilometa 60 kwa saa. Mwezi Mei 2019 polisi walianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, maana yake fika kwa amani. Abiria wa pikipiki katika Kigali ni mmoja tu, naye huvaa kofia kama mwendeshaji wake. Hata hivyo barabara haisamehi. Februari 2025 basi lililotoka Kigali kwenda Musanze lilianguka bondeni katika wilaya ya Rulindo, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha yao. Ulimwenguni kote, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, barabara ziliua watu wapatao milioni 1.19 katika mwaka 2021. Shirika hilo laeleza pia kwamba kasi ya wastani ikipanda kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia nne.

Septemba 2025 wananchi wa Kigali walijipanga kandokando ya barabara kutazama mashindano ya dunia ya baiskeli, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Waliona mabingwa wa dunia wote wakiwa na kofia vichwani. Haikuwa hivyo siku zote. Waendesha baiskeli wa kulipwa waliikataa sheria ya kofia kwa miaka mingi, mpaka Machi 2003 mwenzao Andrey Kivilev wa Kazakhstan alipoanguka mashindanoni nchini Ufaransa na kufa kwa jeraha la kichwa. Mwezi Mei mwaka huo kofia ikawa lazima.

WAJIBU WETU

Kutokana na hayo, askari wa jeshi na polisi wanayo mambo machache ya kushika. Kofia ifungwe kamba ya kidevuni, kwa maana kofia isiyofungwa hutangulia kuanguka na kukiacha kichwa nyuma. Kofia iliyokwisha kupokea pigo kubwa itupwe, hata kama kwa nje yaonekana nzima, kwa sababu sponji iliyobonyea haibonyei mara ya pili. Mikanda ifungwe na wote, afisa aliye mbele na askari aliye nyuma. Mizigo ifungwe kamba. Katika msafara, nafasi kati ya gari na gari iongezwe mvua inaponyesha na mteremko unapoanza, pasipo kungoja amri. Na polisi amwonapo dereva akilalamika kwamba ameandikiwa kosa kwa kuzidisha kilometa 20 tu, amweleze kwa upole kwamba kilometa hizo 20, kati ya 40 na 60, zimemwongezea mita 11 za kusimama, na kwamba mtoto avukaye barabara huenda yuko katika mita ya kumi.

Sheria ya nchi yaweza kumpa mkosaji onyo, faini au msamaha. Kanuni ya momenta haina mamlaka ya kusamehe. Inampima jenerali kwa kilo zake na kuruta kwa kilo zake, pasipo kuangalia mabegani. Muda wa kuamua ni mfupi sana kwa aliyekwisha kugongana. Ni mrefu wa kutosha kwa yule ambaye bado hajawasha injini.